Karatasi Niliyokatia Matiti ya Nguo

Mkasi ukishapita, hakuna mama wa kuurudisha nyuma. Neno hilo nilipewa na Mama Odeta, aliyenikalisha mbele ya mashini ya kushona ya hospitali moja ya huku bondeni Ruzizi, nikiwa msichana mwenye darasa tatu tu. Nami nawapa ninyi munaojifunza kushona leo. Nililisikia kila siku, nikaja kuwafundisha wengine kila siku, na bado nilikata kitu ambacho sikupaswa kukikata. Sasa nimepumzika, magoti yamekataa pedali. Mshtuko wa ile karatasi haujapumzika.

Kazi yangu ilikuwa mashuka, mapazia, makoti ya waganga wa hospitali na vitambaa vya kufunika watu wakati wa kupasuliwa. Hakuna aliyeniandika nishone matiti. Yalianza na Esperansi wa Katogota, mlimaji wa mpunga, mwanamke mwenye kicheko cha kufika ng'ambo ya barabara. Walimkata titi la kushoto kwa sababu ya kansa. Siku ya kurudi nyumbani alipita kuniaga, akataka kumfunga mtoto wake wa mwisho mgongoni. Akafunga kikwembe. Kikateremka upande wa kushoto. Akafunga tena, kikateremka tena. Mara ya tatu mtoto alining'inia ubavuni kama mzigo wa mihogo uliofungwa na mlevi, na Esperansi hakucheka.

Mimi niliyepima vifua vya watu miaka yote ile, sikuwa nimewahi kuona kwamba kikwembe cha mama kinalala juu ya matiti mawili kama boriti juu ya nguzo mbili. Ukiondoa nguzo moja, mtoto anaanguka. Nilibaki na futi shingoni, mdomo wazi. Nikamwambia Esperansi akae. Nikamshonea titi la nguo siku hiyo hiyo.

Sasa muniache niwachekeshe kidogo, maana mbele hakuna kicheko kingi. Titi la nguo linataka uzito. Likiwa jepesi, sutiye, ile sidiria, inapanda mpaka shingoni. Mimi kwa akili yangu nikalijaza mtama. Mtama una uzito mzuri, unatulia, hauchomi. Likakaa vizuri miezi miwili. Kisha Esperansi akaokoka, wakampeleka Uvira kubatizwa katika ziwa Tanganyika, kuzamishwa mwili mzima, akasahau kwamba amelivaa. Mtama ukanywa maji. Alipoinuka alikuwa anavutwa upande wa kushoto. Pasta akadhani ni pepo linamshikilia, akamzamisha tena. Siku ya tano Esperansi alifika chumbani mwangu akijikuna, akafungua nguo, na katikati ya mshono wangu vilikuwa vimetoka vijani vidogo, vyeupe kwa kijani.

"Mama Vumilia," akasema, "umenipandia shamba. Utakuja kupalilia lini?"

Tangu siku hiyo nilitumia sufi, na katikati ya sufi kifuko cha changarawe laini za mto Kavimvira, zilizooshwa na kuchemshwa. Kamata hili: usipime kwa mizani. Mwambie mama ashike lililobaki kwa mkono mmoja, ulilolishona kwa mkono mwingine, afumbe macho. Akishindwa kukuambia lipi ni lipi kwa uzito, umemaliza. Na mshono wa nyuma uelekee nje, usiguse kovu. Kovu la titi linakasirika hata kwa uzi.

Kila mwanamke nilimkatia karatasi yake, maana hakuna vifua viwili vilivyo sawa. Karatasi ya kawaida inajikunja, kwa hiyo nilitafuta nzito. Hospitali yetu iliishi nyumba moja na ofisi ya mutuelle, kile chama cha watu kuchanga kila mwaka ili mgonjwa alipiwe. Baada ya miaka ile ya kukimbia vita, wenye ofisi waliporudi walikuta imevunjwa, makabati yamebebwa. Sekretari wa wakati ule alikuwa anafagia nje mabaki. Kati ya mabaki kulikuwa na karatasi moja kubwa kama mlango, nene, iliyokuwa ikibandikwa ukutani, imepasuka pembe moja. Ilijaa maandishi ya Kifaransa. Mimi nasoma Kiswahili polepole, cha Biblia na cha barua. Kifaransa kwangu ni mistari ya mchwa. Nikamuuliza kama naweza kuichukua. Akasema, "Chukua, mama, inatuchafulia."

Ilinitosha matiti saba. Sikuandika majina juu yake, niliyashika kichwani, na bado yamo. Esperansi wa Katogota. Feza wa Kiliba. Nyamwiza wa Bijombo, aliyeteremka siku mbili kwa miguu na kuniletea maziwa ya mgando. Sifa, mjane wa Sange. Mama Noela wa Mulongwe. Bahati wa Lemera, na Zawadi, mwalimu wa shule ya Luvungi. Kila karatasi niliitambua kwa umbo, kama munavyotambua kofia ya mtu kwenye msumari.

Baadaye akaja Nabintu. Huyu alitoka vilima vya Lemera, mwanamke wa kulima kwa jembe, kimya, mwenye mikono kama ya mwanamume. Walikuwa wamemkata titi la kulia mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Hakuja kwangu kwanza. Alikuja kwa munganga mmoja mwanamke, daktari wa kupasua, aliyefika kutoka mbali kwa siku chache kuwaona wanawake waliokatwa. Riziki, muuguzi wetu, aliniita nisimame naye, kwa sababu Nabintu aliogopa kuvua nguo mbele ya mgeni bila mama wa kwao.

Munganga yule alichukua kalamu ya wino akachora juu ya ngozi ya Nabintu, kama mimi ninavyochora kwa chaki, na akasema titi linaweza kurudi. Akaeleza taratibu, Riziki akitafsiri. Njia moja ni kuweka ndani kifuko laini kilichotengenezwa kiwandani. Njia nyingine ni kuteremsha nyama ya mgongoni, kuizungusha chini ya kwapa mpaka kifuani. Nyingine ni kupandisha nyama ya tumbo. Na njia ya mwisho ni kubaki hivyo hivyo, kifua kitambarare, na hiyo nayo, alisema, ni kuchagua, si kushindwa.

Nilikuwa nimewashonea wanawake miaka mingi nikiwaambia, "Mungu amelichukua, tushukuru sufi." Hakuna aliyekuwa amewauliza wanataka nini. Mimi pia sikuwauliza. Niliuliza rangi ya nguo tu.

Munganga alikuwa anapendelea ile ya mgongo, maana Nabintu hakuwa na mafuta mengi. Hapo mdomo wangu ulinitoka bila ruhusa. Nikasema, mama munganga, unisamehe, mimi ni wa sindano tu. Nguo za walimaji ninazijua zinapopasukia. Hazipasuki mbele. Zinapasuka hapa, nyuma ya kwapa, pale mtu anapovuta jembe. Ukiitoa nyama hii, atavuta na nini?

Riziki alitafsiri huku anatabasamu. Munganga akatabasamu pia, kisha akaacha. Akamwambia Nabintu ainue mkono, avute kama analima. Akashika mgongo wake, akasema ni kweli, nguvu ya pale inaweza kupungua, na kwa mtu wa jembe si jambo dogo. Akamuuliza kama anataka bado kuzaa. Nabintu akasema watoto wanne wanamtosha, na kwamba kwenye tumbo hilo hao wanne wamemwachia ngozi ya kutosha kushona mfuko. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitania. Wakakubaliana tumbo.

"Nitarudi baada ya mwezi," munganga akasema. "Ulete karatasi ya mutuelle kwamba wanakubali. Bila hiyo sitaweza kukuweka kwenye orodha, na sijui nitarudi tena lini."

Nabintu akaenda ofisini mbio. Sekretari mpya aliitwa Deo, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kiwiko, si mtu mbaya, lakini alipenda sana neno hapana. Akamwambia mutuelle inalipia kuondoa ugonjwa, na ugonjwa umeondoka. Kurudisha titi ni urembo. Akasema wakianza hivyo, kesho watu wataomba walipiwe kusuka nywele.

Nabintu alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni mwangu, hataki kuingia.

"Minye sikuomba urembo," akasema. "Niko naomba wanirudishe vile walinikuta."

Nikamwambia aingie, angalau nimpime titi la nguo. Kifua chake kilifanana na cha Feza, basi nikatoa karatasi ya Feza kwenye boksi nianzie hapo. Riziki, aliyekuwa amemsindikiza, aliishika juu ya dirisha, kwenye mwanga, nipate kuifuatisha kwa kalamu. Nikasubiri aiteremshe. Hakuiteremsha. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Tate," akaniita, yaani bibi, "hii karatasi umeitoa wapi?"

Nikamwambia. Akasoma tena, safari hii kwa sauti, akigeuza kwa Kiswahili: mutuelle inachukua gharama za kutengeneza upya kiungo kilichokatwa kwa sababu ya ugonjwa, pamoja na titi la... Na hapo mkasi wangu ulikuwa umepita.

Nabintu alikaa chini kwenye mashuka. Riziki akalimwaga boksi lote juu ya meza ya kukatia. Tukaanza kuunganisha, duara kwa duara, Bahati karibu na Zawadi, Nyamwiza juu ya Mama Noela. Titi la mwanamke liliendelea kutoka kwenye karatasi ya Feza mpaka ya Bahati. Neno la kwamba ni haki ya kila mwanachama lilikuwa kwa Nyamwiza, ambaye nilimwambia kwa kinywa changu, akinywa chai yangu, kwamba hakuna msaada mwingine duniani. Chini kabisa, kwenye karatasi ya Sifa, palikuwa na sahihi na muhuri. Riziki akasoma jina. Ni Mzee Kashindi, prezida wa mutuelle, aliye hai, anayepita mbele ya dirisha langu kila asubuhi na fimbo yake.

Lakini karatasi zilikuwa sita. Katikati palibaki tundu lenye umbo la tone la maji. Maandishi ya mwisho kabla ya tundu yalisema: ombi liletwe ndani ya... Na ng'ambo ya tundu: ...tangu siku ya operesheni. Muda wenyewe, kama ni miezi au miaka, ulikuwa ndani ya tundu. Nabintu alikuwa na mwaka na miezi miwili. Kila kitu chake kilikuwa mle.

Nilijua tundu ni la nani kabla sijaulizwa. Karatasi ya Esperansi niliiazimisha kwa mshonaji mmoja wa Katogota, Nyandwi, kwa sababu Esperansi alimtaka amshonee jipya huko huko kijijini lile la mtama lilipoharibika. Tukampigia simu Nyandwi. Akafikiri, akacheka, akasema ile karatasi ngumu aliifungia karanga sokoni zamani sana. Nikaketi karibu na Nabintu kwenye mashuka, sisi wawili tukawa kama nguo zinazongoja kuoshwa.

Mkutano wa wanachama ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, katika ukumbi wa parokia. Riziki alibandika vipande sita kwa gundi juu ya ubao. Mimi nilituma neno kwa wenye karatasi zao, nikaona ni haki yao kuona. Walikuja wanne. Sifa ameshafariki, Bahati neno halikumfikia, na Nyamwiza barabara ya Bijombo haikupitika wiki ile. Feza, Mama Noela na Zawadi walikaa mstari wa mbele. Esperansi alikuja mwisho, amezeeka sasa, mtoto yule wa mgongoni ni mwanamume aliyemleta kwa pikipiki.

Riziki akasoma mbele ya wote. Mzee Kashindi akainuka, akakaribia ubao, akaiangalia sahihi yake kama mtu anayemwangalia ndugu waliyekwisha kumzika. Akasema ni mkono wake. Akasema waliyapigia kura mambo hayo wao wenyewe, wakati mutuelle inaanza, na hakuna mkutano uliowahi kuyafuta. Walikimbia, wakarudi, wakasahau. Alisema hivyo tu, akarudi kukaa, fimbo ikagonga kiti.

Hapo Deo akaomba neno. Alikuwa ameshtuka kama sisi wote, jasho lilimtoka kwenye shati, lakini alishikilia ofisi yake. Akasema sheria haikamiliki bila muda. Kwingine muda ni miezi sita. Pengine na hapa iliandikwa sita. Nani anaweza kusimama aseme kwamba haikuwa sita? Hakuna aliyeweza. Nabintu alitazama mikono yake. Mimi nilitamani kusema uongo, kwamba nakumbuka niliona mbili, miaka miwili. Nakumbuka kila jina, wangeniamini. Lakini nilikuwa sijaona kitu. Nilikuwa nimeona makali ya karatasi tu.

Esperansi akainuka. Akageukia ukuta, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akageuka tena upande mmoja wa kifua ukiwa umelala. Sijui kama munaelewa ilikuwa nini kwa mwanamke wa umri wake kufanya hivyo ndani ya parokia. Wazee waliangalia sakafu. Akatembea mpaka kwenye ubao akiwa amelishika titi lake la nguo, lile ambalo Nyandwi alimkatia kwa karatasi yangu, limefifia rangi, limeshonwa upya mara nyingi, na akaliweka kwa upande wake wa nyuma juu ya tundu.

Liliingia. Pembeni palibaki upana wa mshono tu, kidole kimoja kuzunguka pande zote, kama nilivyowafundisha siku zote muache.

"Karatasi imepotea," Esperansi akasema, "lakini nguo yake niko nayo. Muda ule munatafuta, minye ndiye niliuvaa. Muhesabu basi tangu siku walinikata mpaka leo, muandike huo."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia pikipiki nje na mbuzi wa padri. Mzee Kashindi akamwambia Deo aandike karatasi ya Nabintu pale pale, mbele ya watu, na kwamba muda ni ule alioutaja Mama Esperansi. Deo akafungua kalamu. Akauliza, kwa heshima kabisa, aandike miezi mingapi. Mzee akamwambia aache wazi.

Nabintu aliwekwa kwenye orodha. Amerudi Lemera, analima, na tumbo lake, anasema, limekuwa la msichana. Alinirudishia kipimo nilichoanza kumchukua, akasema nimpe mwingine. Ile karatasi iko ukutani kwa mutuelle, nyuma ya kioo, na tundu lake. Deo huwaonyesha wageni, hasemi tena neno urembo. Nami siku hizi sikati karatasi yoyote, hata ya kufungia sabuni, kabla sijampata wa kunisomea, na ninyi mulio na shule ndefu kuliko yangu hamna cha kujitetea.

Esperansi nilimsindikiza mpaka barabarani siku ile. Nilitaka kumwomba msamaha, sikujua pa kuanzia. Nikamwambia karatasi ilikuwa mezani kwangu, naye alikuwa mbele yangu, na sikujua. Akasema naye aliishika kwa mikono yake akiipeleka Katogota, na Kifaransa hakukijua, kama mimi. Tulikuwa wawili.

Nikamuuliza sasa kama atakwenda kwa munganga, kwa kuwa njia imefunguka na kwake pia. Alikuwa ameshapanda pikipiki, amelirudisha titi lake mahali pake na kulinyoosha kwa kiganja.

"Usiniulize hivi barabarani, Vumilia," akasema. "Miaka yote hii hamukuniuliza. Mutakuja nyumbani, mutakaa, nitapika chai. Halafu muniulize vizuri."